Jinsi ya kuendesha kadi mbili za michoro katika kipakatalishi chenye Linux

VIPAKATALISHI vilivyokwisha kutumika ng'ambo vimewafaa wanafunzi, walimu na wapiga picha wengi wa kaunti za Kisii na Nyamira, kwa kuwa bei yake ni nafuu kuliko ya vipya. Miongoni mwavyo mna vile vilivyoundwa kwa ajili ya wahandisi na wasanifu majengo, ambavyo vina kadi mbili za michoro badala ya moja.

Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Vipakatalishi vingi vilivyotengenezwa kabla ya mwaka wa 2018 havitimizi masharti ya Windows 11, ingawa bado vina nguvu ya kutosha. Kwa mwenye mashine ya aina hiyo, njia mojawapo ya kuinusuru ni kuhamia Linux, mfumo huria usiotozwa ada ya leseni.

Hata hivyo, uhamaji huo huwa na kikwazo kwa wenye kadi mbili. Betri iliyokuwa ikidumu nusu siku huisha upesi, feni huvuma bila kukoma, au skrini hubaki nyeusi baada ya mtumiaji kuingia. Wengine hupata kinyume chake: kadi yenye nguvu hulala tu huku kazi ya kuhariri video ikijikokota. Makala haya yanaeleza chanzo cha matatizo hayo na jinsi ya kuyatatua.

Kwa nini kadi mbili?

Kadi ya kwanza imo ndani ya kichakataji chenyewe, kwa kawaida cha Intel au AMD. Hutumia umeme kidogo na inatosha kwa kuandika, kusoma mtandaoni na kutazama filamu. Kadi ya pili, aghalabu ya Nvidia au AMD, ina kumbukumbu yake yenyewe. Hiyo ndiyo hufaa kwa michezo, uhariri wa video na michoro ya pande tatu katika programu kama Blender.

Kadi hiyo ya pili hula umeme hata isipofanya kazi, iwapo haijazimwa ipasavyo. Tuchukue mfano wa betri ya wati-saa 48. Kipakatalishi kinachotumia wati 8 kitadumu kwa saa 6. Kadi ya pili ikiongeza wati nyingine 8, muda huo hupungua hadi saa 3.

Tofauti hiyo si ndogo mahali ambapo umeme hupotea bila taarifa. Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilikumbwa na giza kwa saa nyingi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii anayekamilisha tasnifu, au mwalimu wa Keroka anayetayarisha mitihani, hutegemea betri wakati kama huo.

Historia fupi

Vipakatalishi vya mwanzo vya aina hii vilikuwa na swichi. Sony VAIO SZ ya mwaka wa 2006, kwa mfano, ilikuwa na kitufe cha kuchagua kadi, na mtumiaji alilazimika kuizima na kuiwasha upya mashine. Mnamo Februari 2010, Nvidia ilitangaza Optimus, teknolojia inayobadilisha kadi yenyewe pasipo mtumiaji kujua. Katika mpango huo, kadi ya Intel ndiyo iliyounganishwa na skrini. Kadi ya Nvidia huchora, kisha huikabidhi ya Intel picha ili iionyeshe.

Optimus iliundwa kwa ajili ya Windows, na watumiaji wa Linux wakaachwa wajitafutie njia. Mwaka huohuo wa 2010, kiini cha Linux toleo la 2.6.34 kilipata kiungo cha kubadilishia kadi, na mtaalamu Dave Airlie akaanzisha kazi iliyoitwa PRIME. Mwaka wa 2011 ukaja mradi wa kujitolea ulioitwa Bumblebee. Majina hayo yote ni utani uliotokana na wahusika wa hadithi za Transformers, ambamo shujaa mkuu huitwa Optimus Prime.

Juni 2012, mwasisi wa Linux, Linus Torvalds, aliulizwa kuhusu suala hili katika Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, naye akaishutumu Nvidia hadharani kwa kukosa ushirikiano. Mambo yalibadilika polepole. Mwaka wa 2019, draiva ya Nvidia toleo la 435 iliruhusu programu mojamoja kupelekwa kwenye kadi ya pili. Draiva ni programu inayouwezesha mfumo kuwasiliana na kifaa. Mnamo Mei 2022, kampuni hiyo ilianza kutoa hadharani sehemu ya draiva yake inayofanya kazi ndani ya kiini cha Linux.

Hatua za kufuata

Maelezo yafuatayo yanahusu Ubuntu, mfumo uliotolewa mara ya kwanza mwaka wa 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake lina maana ya utu, na msemaji wa Ekegusii atautambua mzizi wake katika neno omonto, yaani mtu. Amri zote huandikwa katika dirisha la teminali.

Kwanza, tambua kadi ulizo nazo:

lspci | grep -E 'VGA|3D'

Mistari miwili ikitokea, mmoja wa Intel na mwingine wa Nvidia au AMD, basi mashine yako ina kadi mbili.

Pili, weka draiva. Ikiwa kadi zote ni za Intel na AMD, kwa kawaida huhitaji kuongeza chochote, kwani draiva zake zimo ndani ya Linux. Ikiwa kadi ya pili ni ya Nvidia, andika:

sudo ubuntu-drivers install

Kazi hii hupakua mamia ya megabaiti, hivyo ni busara kuifanya penye mtandao usiotozwa kwa kila megabaiti.

Tatu, iwapo ulinzi wa Secure Boot umewashwa, mfumo utakuomba uweke nenosiri. Ukiwasha upya mashine, itatokea skrini ya bluu: chagua Enroll MOK, kisha uandike nenosiri lilelile. Wengi huipita skrini hii bila kuisoma, draiva ikakataliwa, nao wakadhani kadi imeharibika.

Nne, angalia hali iliyochaguliwa kwa amri ya prime-select query, kisha uchague mojawapo ya hizi tatu:

sudo prime-select intel
sudo prime-select nvidia
sudo prime-select on-demand

Ya kwanza huacha kadi ya Intel pekee ikifanya kazi. Ya pili huitumia Nvidia kwa kila jambo. Ya tatu huanza na Intel na kuiita Nvidia inapohitajika. Washa mashine upya baada ya kuchagua. Watumiaji wa Linux Mint wanaweza kufanya uchaguzi huo kwa kubofya alama iliyo pembeni mwa skrini.

Tano, hakikisha kadi ya pili inaitikia. Weka kifurushi cha mesa-utils, kisha, ukiwa katika hali ya on-demand, andika haya kwa mstari mmoja:

__NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia glxinfo -B

Kwa kadi ya pili ya AMD, andika DRI_PRIME=1 glxinfo -B. Jina la kadi yenye nguvu likitokea, kazi imefaulu. Unaweza kutanguliza maneno hayohayo mbele ya jina la programu yoyote unayotaka iendeshwe na kadi hiyo. Katika mazingira ya GNOME, kubofya alama ya programu kwa kitufe cha kulia cha kipanya hutoa nafasi hiyo bila kuandika amri.

Hali ipi ikufae?

Uchaguzi hutegemea umri wa kadi. Uwezo wa kuizima kabisa kadi ya Nvidia katika hali ya on-demand ulianza na kizazi cha Turing, kilichotoka mwaka wa 2018. Kadi za kabla ya hapo huendelea kula umeme hata zisipotumika. Mwenye kadi ya zamani anayehitaji betri idumu heri achague intel, kisha abadilishe kuwa nvidia siku ya kazi nzito.

Kunalo jambo jingine la kuzingatia. Katika baadhi ya vipakatalishi, tundu la HDMI limeunganishwa na kadi ya Nvidia peke yake. Ukichagua intel, projekta haitaonyesha kitu. Mhadhiri au mhubiri ajaribu projekta mapema, asingoje hadhira iketi.

Tahadhari

Kadi kuukuu zina kikomo. Draiva 470, inayohudumia kadi za kizazi cha Kepler, iliachwa na Nvidia mwaka wa 2024. Mwaka wa 2025, kampuni hiyo ilitangaza kuwa tawi la 580 ndilo la mwisho kwa vizazi vya Maxwell na Pascal. Draiva huria ya nouveau bado inazitambua kadi nyingi kati ya hizo, lakini aghalabu haziendeshi kwa kasi yake kamili.

Aidha, usinakili amri usiyoielewa. Mwaka wa 2011, nafasi moja iliyoachwa kimakosa katika programu ya kusakinisha Bumblebee ilisababisha folda ya /usr, ambayo ni uti wa mgongo wa Linux, kufutwa katika mashine za watu. Kosa hilo lilirekebishwa, lakini funzo lake lingalipo: hifadhi nakala ya kazi zako kabla ya kugusa draiva, na uandike kila badiliko unalofanya. Mali bila daftari huisha bila habari.

Skrini ikibaki nyeusi, usifute kila kitu. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, ingia kwa jina na nenosiri lako, kisha uandike sudo prime-select intel na uwashe upya mashine. Mara nyingi hatua hiyo hurejesha picha.

Kwa anayekusudia kununua, njia bora ni kwenda dukani na diski mweko yenye Ubuntu. Omba kuiwasha mashine kwa diski hiyo bila kusakinisha chochote, uandike ile amri ya lspci, na utafute umri wa kadi kabla ya kutoa pesa. Ikiwa kazi yako ni kuandika na kusoma tu, kipakatalishi chenye kadi moja ya Intel kitakufaa zaidi na kukuepushia usumbufu. Ikiwa riziki yako inatokana na video au michoro, kadi ya Turing au ya baadaye ndiyo inayostahili gharama. Ubuntu 24.04 itapata huduma za kawaida hadi mwaka wa 2029.