Vijiji vya Wavulana

Babu yangu mzaa baba alihama kwa wazazi wake akiwa na miaka kama kumi, na hakufukuzwa na mtu. Ndivyo walivyoishi Wanyakyusa wa uwanda huu wa Kyela, sisi wa Ndandalo tukiwemo. Wavulana wa rika moja, waliokuwa wakichunga ng'ombe pamoja, walionyeshwa mahali pembeni mwa kijiji cha baba zao, wakaanza kujenga. Vibanda vya mwanzo vilikuwa kama vya mchezo. Walivyokua walisimamisha nyumba za mianzi, wakapanda migomba, wakawa na kiongozi wao. Kula walikula kundi zima kwa mama zao, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kulala walilala katika vibanda vyao, na paa likivuja masika waliezeka wenyewe.

Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliishi na watu wetu kati ya 1934 na 1938, na kitabu cha Monica kuhusu vijiji hivyo, Good Company, kilitoka 1951. Nikikisoma namsikia babu. Mtoto aliaminiwa kwanza na watu wazima. Kujiamini kulikuja baadaye, kwa kazi.

Kilele kilikuwa sherehe ya ubusoka. Wakubwa wa vijana walipokaribia miaka 35, malafyale, yaani chifu, na rika lake waliwakabidhi wana wao nchi: utawala, ulinzi, ardhi. Moto wa zamani ulizimwa majumbani, ukawashwa mpya. Wazee walisogea kando kweli kweli, na malafyale mzee hakutarajiwa kuishi siku nyingi baada ya hapo. Utaratibu mkali. Hata hivyo, nauheshimu.

Dada zake babu hawakuwa na kijiji. Msichana aliposwa mapema, mara nyingi na mwanamume aliyemzidi umri sana, na linaniuma kwamba hakuulizwa anataka nini. Kijana naye, pamoja na ujasiri wake wote, hakuoa bila ng'ombe wa baba. Dhahabu ya Lupa, huko Chunya, ilipoanza kuchimbwa miaka ya 1920, vijana wakaenda kujitafutia mahari. Wengine walifika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Naamini aliyejitegemea usiku tangu utotoni hakuiogopa safari ile.

Kisha ardhi ikabana. Watu waliongezeka, mpunga ukawa fedha, baadaye na kakao, na hakuna tena aliyekuwa tayari kuachia rika zima eneo la kujenga. Leo vijana wetu wanakusanywa ukumbini kwa semina za kujiamini, wanaambiwa waseme "naweza", nao wanasema kwa sauti. Wakirudi nyumbani, baba ndiye anayeamua siku ya kupanda, hata kama mwana ana miaka arobaini na watoto wake.

Msimu huu nimempa mjukuu wangu wa kike kipande cha shamba langu la mpunga. Mbegu alichagua mwenyewe, vibarua wa palizi akatafuta mwenyewe, na sasa anabishana bei na madalali.