Mchele wa Meli: Bibi Zetu Waliendeshaje Jiko Bei Zilipopanda?



Mashoga zetu, leo tuache kidogo mambo ya hina na singo, tuingie jikoni. Mabibi harusi wanaokuja kupimwa magauni siku hizi wana swali moja la pembeni: hizo pesa za matumizi wanazoahidiwa, zitatosha kweli? Mchele umepanda, mafuta yamepanda, unga wa ngano umepanda, na nyumba yenyewe bado haijaanza.

Tunazungumza kana kwamba ughali umeanza juzi, na bibi zetu walikula raha tu. Si hivyo. Tukifuata habari ya mchele peke yake, tutaona kuwa visiwa vyetu vimeshakatiwa chakula mara nyingi, na kila mara aliyebaki na sufuria mkononi akifikiria apike nini alikuwa mwanamke.

Hapo zamani hatukuwa watu wa kungojea meli. Pemba ilikuwa na mchele wa kula na wa kupeleka nje. Wareno walipokuwa Mombasa, ndani ya ile Fort Jesus, walitegemea sana chakula kilichotoka Pemba. Waarabu waliita Pemba Kisiwa cha Kijani, na hawakukosea.

Kisha ikaja karafuu. Iliingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan, aliyehamisha makao yake kutoka Maskati, akahimiza ipandwe. Karafuu ilileta fedha, na mwenye fedha haoni haja ya kuinama bondeni kwenye mpunga wakati jahazi linamletea mchele mpaka forodhani. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo ikawa mama wa karafuu. Kisiwa kilichokuwa kikiwalisha wengine kikaanza nacho kula cha kununua.

Hivyo ndivyo mchele wa meli ulivyotuingia. Ulitoka India na Burma, ukawa mwingi, na kwa miaka mingi haukuwa ghali. Wali ukawa ndio chakula. Mpaka leo kuna mtu atakula muhogo mchana, na usiku atakwambia hajala tangu asubuhi. Ukija mgeni ukampakulia ndizi, unamwomba radhi kama uliyemkosea.

Vita vya Pili vya Dunia vikatuonesha hatari ya mazoea hayo. Mwaka 1942 Japani iliiteka Burma, na mchele uliokuwa ukija kutoka kule ukakatika. Hapakuwa na mtu wa Unguja aliyegombana na Mjapani, lakini sufuria za Ng'ambo na Mji Mkongwe ndizo zilizolipa. Serikali ya Kiingereza ikaweka mgao wa chakula na kuhimiza watu walime muhogo na mazao mengine ya kujaza tumbo.

Hapa tutulie kidogo, maana ndipo penye kiini. Mgao ule ulifuata kabila la mtu. Aliyeandikwa Mhindi au Mwarabu alihesabiwa kuwa mla mchele. Aliyeandikwa Mwafrika alihesabiwa kuwa mtu wa mahindi na muhogo. Serikali ilichukua jambo la jikoni, ikalifanya kipimo cha nani ni nani. Haikuwa ajabu basi mtu kutamani aandikwe kabila jingine, ili tu watoto wake wapate wali. Wali ulikuwa na heshima yake tangu kabla ya vita, lakini baada ya hapo mchele ulikuwa kama cheti, na muhogo ukapakwa aibu ambayo si yake. Sisi tunaona aibu ile hatujaitoa mpaka leo. Tumerithi vyombo vya bibi zetu, na hiyo tumeirithi pamoja navyo.

Lakini hebu tuangalie ndani ya jiko lenyewe. Muhogo ulichemshwa, ukatiwa tui zito na kitunguu na papa mkavu, ukaliwa kwa furaha. Uliobaki ulikaushwa ukawa makopa, ukatwangwa, ukasongwa bada. Majani yake yakawa kisamvu. Mti mmoja, mboga na chakula. Shelisheli lilichemshwa au kukaangwa, mbaazi zikaungwa kwa nazi. Tui lilikuwa la nazi za kwetu, halikungojea meli. Tukizihesabu pishi hizo, nyingi ndizo hizi tunazoziita vyakula vya asili na kuwauzia watalii kwa bei ya hoteli. (Tunacheka, lakini ndivyo.)

Vita vilikwisha mwaka 1945, ughali haukwisha. Agosti 1948 wafanyakazi wa bandarini Unguja waligoma, mgomo ukaenea mjini, na sababu yake kubwa ilikuwa mshahara usiolingana na bei za maisha. Vitabu vinataja wanaume waliogoma. Hesabu iliyowatoa kazini, tunaamini, ilianza nyumbani, pale pesa ya siku ilipowekwa juu ya mkeka na mke akasema haifiki.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 mambo yaligeuka kwa namna nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilipunguza sana chakula cha kuagiza, ili nchi ijitegemee kwa kilimo. Mchele, unga na sukari vikawa vya mgao na foleni. Mama zetu walikuwa watoto wakati huo, na wanasimulia walivyoamshwa alfajiri wakashike nafasi, mmoja akienda chuoni mwengine anabaki kwenye mstari. Baada ya 1972, chini ya Mzee Aboud Jumbe, kamba ililegezwa, lakini bei ya karafuu ilipokuja kuanguka duniani miaka ya 1980, uhaba ukarudi. Mwaka 1984 Mzee Ali Hassan Mwinyi aliposhika urais wa Zanzibar milango ya biashara ikafunguliwa, na bidhaa za Dubai zikajaa Darajani.

Kuanzia hapo swali likabadilika. Zamani uliuliza chakula kipo? Sasa kipo, tena cha kila aina, ila una nini mfukoni? Na hapa wanawake waliingia kwenye pesa kwa wingi zaidi. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja, na wanawake wa vijiji kama Paje na Jambiani wakawa na pesa yao. Kabla ya mwani walikuwa na ukili, na kamba za usumba walizofukia pwani, na kofia za viua walizoshona kwa mkono wiki baada ya wiki. Tusiidharau sindano ya kofia. Kuna nyumba hapa zimepita miaka mibaya kwa sindano hiyo.

Dini yetu ilishalipanga jambo hili. Pesa ya mke ni ya mke, na kumlisha mke na watoto ni juu ya mume. Hind bint Utba, mke wa Abu Sufyan, alimlalamikia Mtume (S.A.W.) kwamba mumewe ni mgumu wa mkono, akaruhusiwa kuchukua katika mali yake kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema, bila kupita kiasi. Kwa hiyo mwali, ukichangia mboga kwa pesa ya cherehani yako, hiyo ni sadaka na ihsani. Mume asiigeuze ikawa deni lako la kila mwezi. Lizungumzeni kabla ya nikahi, kwa heshima, msingoje gunia liishe.

Turudi kwenye meli. Mwaka 2022 Urusi ilipoingia Ukraine, ngano na mafuta ya alizeti vikapanda dunia nzima. Tulikuwa ndani ya Ramadhani ile, siku chache kabla ya Idi, Indonesia ilipozuia mafuta ya mawese yasitoke nchini mwake. Zuio lilidumu wiki tatu hivi, tarehe 28 Aprili mpaka 23 Mei, lakini soko la dunia lilikuwa limeshachemka. Mwaka uliofuata, Julai 2023, India ikazuia kuuza nje mchele mweupe usio basmati, ili bei zisipande kwa watu wake. India ndiyo muuzaji mkubwa wa mchele duniani. Zuio likaondolewa Septemba 2024. Hebu soma tena habari ya Burma ya 1942, halafu utuambie tofauti ni nini.

Katika zama za Mtume (S.A.W.) bei zilipanda Madina, na watu wakamwomba awapangie bei. Alikataa, akawafahamisha kuwa mwenye kubana na kukunjua riziki ni Mwenyezi Mungu, na kwamba yeye anataka akutane na Mola wake bila mtu kumdai dhuluma, ya damu wala ya mali. Lakini mwenye kuhodhi chakula ili akiuze kwa ghali alimlaumu vikali. Haya yote mawili tuyabebe, khaswa sisi wenye maduka. Halafu kuna Sayyidna Umar bin Khattab, mwaka wa 18 Hijria, mwaka wa Ramada, ukame ulipoifanya ardhi kama majivu. Aliwaandikia magavana wake walete chakula, na mwenyewe akajizuia na samli mpaka watu washibe. Alikula mkate kwa mafuta, tumbo likamnguruma. Khalifa aliyetawala kutoka Madina mpaka Sham na Iraq alibadilisha chakula chake mbele za watu, wala hakuona heshima yake imepungua.

Sasa bibi harusi wetu anasemaje? Anasema, "Siwezi kuanza nyumba kwa bada, mawifi watanicheka." Hapo ndipo pesa inapopotelea. Si kwenye mchele wenyewe, ni kwenye kuogopa kuonekana bila mchele. Kuna mke tunayemjua anayekopa dukani mchele wa Mbeya ili ukweni waone, na mapembe yangemtosha, na ndizi mbichi zimejaa uwani kwa mama yake.

Ajabu ni kuwa mwezi mmoja kwa mwaka aibu hii inaondoka yenyewe. Ramadhani ikiandama, muhogo, majimbi, viazi vikuu na shelisheli vinapanda kitako katikati ya sinia, vimetiwa tui la kwanza, na asiyekuwa navyo ndiye anayeonekana hana futari. Tajiri na maskini wanagombania kitu kilekile Mwanakwerekwe. Idi ikipita, muhogo uleule unarudi kuwa chakula cha shida. Sasa umebadilika nini, muhogo au sisi?

Na walima je? Mtume (S.A.W.) alipomuoa Bibi Safiyya walima yake ilikuwa tende, samli na maziwa yaliyokaushwa, bila mkate wala nyama. Hatusemi biriani ni haramu, tunaipenda kama wengine. Tunasema familia inayouza shamba kwa ajili ya sufuria za siku moja isije ikatafuta sababu kwenye Sunna.

Jambo jingine tulilopoteza ni kipimo. Bibi zetu walipika kwa kibaba. Vibaba vinne ni pishi moja, na pishi ndiyo ileile tunayoitoa zaka ya fitri kwa kila kichwa. Kwa hiyo mwanamke aliyejua kibaba alijua hesabu ya jiko na hesabu ya fiqhi kwa chombo kimoja. Alijua mtungi una vibaba vingapi na vitafika lini. Sisi tunamimina mchele kwa jicho, tukitegemea ukoko utaliwa na kuku, na kuku wenyewe hatufugi. Wapwa wakija tunaongeza, wasipokuja tunamwaga. Tunashauri uingize kibaba katika vyombo vyako vya harusi. Kikombe chochote kisichobadilika kinafaa. Pima wiki ya kwanza, andika, na wiki ya pili utajua nyumba yako inakula nini.

Halafu panga wiki kwa kinachopatikana hapahapa. Wali siku tatu au nne, siku nyengine ndizi, muhogo, viazi, mbaazi na chapati za kuhesabu. Dagaa wakiwa wengi nunua, kaanga, weka. Mchele wa mabonde yetu, kama ule wa Cheju, ukiuona sokoni ulize bei kabla ya kuupita. Mara nyingi umelimwa na wanawake, kwani bonde la mpunga kwetu tangu zamani ni kazi yetu.

Na mwenye uwani, hata wa hatua kumi, asiuache mtupu. Muhogo unapandwa kwa kijiti tu, unakichomeka ardhini mvua zikianza, na kwa kawaida baada ya miezi tisa mpaka mwaka unang'oa. Vijiti haviuzwi. Mwombe jirani aliyevuna wiki hii, atakukatia.