Jembe na Mlango: Wakimbizi wa 1972 katika Makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo

Utangulizi

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi methali hii hutumiwa kumwonya mgeni asikae bure. Lakini tukiitazama vema tunaona kwamba inamfunga mwenyeji pia. Aliyepewa jembe hahesabiwi tena kuwa mpita njia. Ameingizwa katika kazi ya nyumba, na mwenye kushiriki kazi ya nyumba hana budi kushiriki chakula chake na baraza lake.

Katika makala hii tunakusudia kueleza habari za watu waliolima katika nchi yetu kwa miaka zaidi ya 40 huku wakiitwa wageni. Hao ni wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Shabaha yetu ni kuonyesha kwamba jembe na mlango ni mambo mawili, na kwamba kutoa la kwanza hakumalizi wajibu wa kufungua la pili.

Sababu za kukimbia

Tarehe 29 Aprili 1972 maasi yalizuka kusini mwa Burundi, hasa sehemu za Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi wa Kihutu waliwaua Watutsi wengi pamoja na watumishi wa serikali. Serikali ya Rais Michel Micombero ilijibu kwa mauaji ambayo hayakuishia kwa waasi. Wahutu waliosoma ndio waliotafutwa kwanza: walimu, wanafunzi, makarani, na hata watumishi wa makanisa. Wengi walichukuliwa wasionekane tena. Inakadiriwa kwamba watu kati ya 100,000 na 300,000 waliuawa katika miezi michache.

Waliosalimika walikimbia, na wengi wao waliingia Tanzania. Baadhi walipita kwa miguu, wengine walivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi. Walio wengi walikuwa wakulima, waliokuwa wameacha mashamba yao wakitumaini kurudi upesi.

Jembe

Tanzania haikuwa ngeni katika kazi ya kuwapokea wakimbizi. Tangu mwaka 1959 Watutsi wa Rwanda walikuwa wamekimbilia nchi jirani, na wengine waliingia kwetu. Mwaka 1964 ulifanyika mkataba wa pande tatu kati ya serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR), na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Ndipo ilipoanzishwa Huduma ya Kikristo ya Wakimbizi ya Tanganyika, ijulikanayo kwa kifupi TCRS. Yafaa tukumbuke kwamba Fungamano lenyewe liliundwa mwaka 1947 huko Lund, Sweden, wakati ambapo, baada ya vita kuu, Mlutheri mmoja kati ya kila sita duniani alikuwa mkimbizi au mtu aliyeondolewa kwao. Kwa hiyo walioleta huduma hii walitoka katika makanisa yaliyoujua ukimbizi.

Warundi wa 1972 hawakuachwa mpakani. Walipelekwa ndani ya nchi, katika misitu ya miyombo iliyokuwa na watu wachache. Ulyankulu, mkoani Tabora, ilifunguliwa mwaka 1972. Katumba, karibu na Mpanda, ilifuata mwaka 1973. Baadaye ilionekana kwamba maji na ardhi ya Ulyankulu havikutosha kwa wote, na maelfu ya watu walihamishiwa Mishamo, makazi ya tatu, yaliyofunguliwa mwaka 1978.

Kila jamaa ilipewa ardhi, zana na mbegu, pamoja na chakula cha kuwavusha hadi mavuno. Barabara zilichongwa na kupewa namba, visima vikachimbwa, shule na zahanati zikajengwa. Watu walilima mahindi, mihogo na maharage kwa chakula, na tumbaku kwa fedha. Kufikia mwaka 1985 makazi yote matatu yalikuwa yamekabidhiwa kwa serikali, kwa kuwa wenyeji wake walijilisha wenyewe na kuuza ziada. Mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa ajili ya ukarimu huo wa taifa. Sifa hiyo ilikuwa ya haki. Ni nchi chache maskini zilizowahi kuwapa wakimbizi ardhi kwa wingi kiasi hicho.

Mlango

Lakini makazi yalikuwa na upande wa pili. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1965, mkimbizi alipaswa kukaa mahali alipopangiwa, na kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali cha mkuu wa makazi. Mkulima aliyelisha soko la wilaya kwa mahindi yake aliomba ruhusa ili aende kumzika ndugu katika wilaya nyingine. Mtoto aliyezaliwa Katumba alirithi ukimbizi wa baba yake kama vile mtoto mwingine arithivyo shamba.

Jambo hili lilikuwa na matokeo katika mioyo ya watu. Mtaalamu wa anthropolojia, Liisa Malkki, alifanya utafiti miaka ya 1985 na 1986 miongoni mwa Warundi waliokaa Mishamo na wengine waliojitafutia maisha katika mji wa Kigoma. Kitabu chake kilichotolewa mwaka 1995 kinaonyesha tofauti kubwa. Watu wa Mishamo walisimulia bila kuchoka historia ya taifa lao lililo uhamishoni, na kujiona kuwa watu waliotengwa hadi siku ya kurejea. Watu wa Kigoma mjini walioana na majirani na kujichanganya nao, na wengi hawakupenda kuitwa wakimbizi. Wote walitoka katika msiba uleule. Sisi twaona kwamba kilichowatofautisha kwa sehemu kubwa ni mlango: hao waliweza kupita, na wale waliomba kibali. Si ajabu basi kwamba chama cha PALIPEHUTU, kilichotaka kuikomboa nchi kwa niaba ya Wahutu, kilianzishwa Mishamo mwaka 1980.

Hata hivyo kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakikuhitaji kibali, nacho ni wimbo. Kwaya ya Barabara ya 13, Ulyankulu, ilijiita kwa namba ya barabara ya makazi, na nyimbo zake za Kiswahili zilisikika mbali sana kupita mipaka ya makazi hayo. Wengi walioziimba majumbani mwao hawakujua kwamba waimbaji walikuwa wakimbizi. Katika ibada watu hao walikuwa tayari ni wa nyumba moja nasi, kabla sheria haijawatambua.

Uraia

Mlango ulianza kufunguliwa mwaka 2007, serikali za Tanzania na Burundi pamoja na UNHCR zilipokubaliana kuwauliza watu wa 1972 wanataka nini. Katika watu wapatao 218,000 wa makazi hayo matatu, karibu wanne katika kila watano walichagua kubaki na kuomba uraia wa tajnisi. Zaidi ya 50,000 walisaidiwa kurudi Burundi, na baadhi yao walikuta mashamba ya baba zao yanalimwa na wengine tangu 1972, wakawa wageni kwao.

Mwaka 2010 maombi ya watu 162,156 yalikubaliwa. Lakini kulikuwa na sharti: makazi yafungwe, na raia hao wapya wahamie mikoa mingine. Mpango huo haukutekelezwa, na wakati ukijadiliwa vyeti havikutolewa. Kwa miaka minne watu hao hawakuwa wakimbizi wala raia kamili. Wengi walisita kupanda hata miti, wasijue kama wangekula matunda yake. Mwezi Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete alianza kuwakabidhi vyeti, nao wakaruhusiwa kubaki pale walipokuwa wamelima. Mtoto aliyefika Ulyankulu mgongoni mwa mama yake sasa alikuwa mtu wa makamo.

Hitimisho

Tunajifunza nini? Kwanza, ukarimu wa Tanzania kwa watu hawa ulikuwa wa kweli, na kazi ya kanisa katika ukarimu huo haifai kusahauliwa. Wakimbizi walioingia baada ya 1993 hawakupata hata hicho. Waliwekwa katika kambi na kulishwa kwa mgao, na kutoka zaidi ya kilomita 4 kulihitaji kibali. Ikilinganishwa na kambi hizo, Katumba ilikuwa baraka.

Pili, Maandiko hayaishii kwenye jembe. Torati inaagiza mgeni apewe chakula na nguo, lakini katika Walawi 19 inakwenda mbele na kutaka ahesabiwe kama mzalia. Walawi 25 inawakumbusha wenyeji kwamba nchi ni ya Bwana, na wao wenyewe ni wageni na wapangaji wake. Nabii Ezekieli, akiwaandikia watu waliokuwa uhamishoni, anasema katika sura ya 47 kwamba wageni waliozaa watoto katikati ya Israeli wapewe urithi pamoja nao. Tena anaagiza urithi huo utolewe katika kabila lilelile ambamo mgeni anakaa. Hamtaki kwanza ahame.

Kwa hiyo twaona kwamba huduma ya kanisa kwa mkimbizi haipimwi kwa mavuno yake peke yake. Siku ya tatu hupewa jembe. Lakini methali haikusema alime mpaka lini kabla ya kuitwa mtu wa nyumbani. Swali hilo limeachwa kwa mwenyeji alijibu, na watu wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walilingoja jibu hilo kwa miaka 42.