George Reed: Mkimbiaji wa Mississippi aliyeitikisa Kanada

George Reed, mmoja wa wachezaji mashuhuri kabisa katika historia ya futiboli ya Kanada, alizaliwa Oktoba 2, 1939 mjini Vicksburg, jimbo la Mississippi, Marekani. Alikulia Renton, jimbo la Washington, na kuchezea Chuo Kikuu cha Washington State kabla ya kujiunga na Saskatchewan Roughriders ya mjini Regina mwaka 1963.

Futiboli ya Kanada inafanana na ile ya Marekani kuliko kandanda. Kila timu ina wachezaji 12 uwanjani, na hupewa nafasi tatu tu za kusogeza mpira yadi 10. Kazi ya Reed ilikuwa kuupokea mpira na kupenya nao katikati ya ukuta wa walinzi, kazi inayouchakaza mwili haraka. Hata hivyo, aliifanya kwa misimu 13, akikimbia jumla ya yadi 16,116. Alifunga kwa kukimbia mara 134.

Ubingwa wa kwanza

Mwaka 1965 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi. Mwaka uliofuata, yeye na mrusha mpira Ron Lancaster waliiongoza Saskatchewan kuishinda Ottawa kwa pointi 29 kwa 14 katika fainali ya Grey Cup mjini Vancouver. Hilo lilikuwa taji la kwanza la timu hiyo, iliyokuwa imeshindwa katika fainali zote za awali. Reed alitangazwa mchezaji bora wa fainali hiyo.

Shangwe za uwanjani hazikumwondolea vikwazo vya mitaani. Akiwa mtu mweusi katika mji wenye wakaazi wengi weupe, alipata taabu ya kupata nyumba ya kupanga Regina. Lakini hakuondoka. Nje ya msimu alifanya kazi katika kampuni ya bia, kwani ujira wa wachezaji wa wakati huo haukutosha, na mji huo ukawa makao yake kwa miaka mingi.

Mtetezi wa wachezaji

Kuanzia mwaka 1972 hadi 1981 Reed alikuwa rais wa chama cha wachezaji wa ligi ya Kanada, chombo kinachojadiliana na wamiliki wa timu kuhusu mikataba na masilahi. Aliendelea na wadhifa huo hata baada ya kustaafu kucheza.

Mwaka 1978 alitunukiwa Nishani ya Kanada, na mwaka 1979 aliingizwa katika Jumba la Watu Mashuhuri wa futiboli ya nchi hiyo. Rekodi yake ya yadi ilivunjwa baadaye na Mike Pringle, lakini jezi yake nambari 34 haivaliwi tena na mchezaji mwingine wa Saskatchewan.

Reed alifariki dunia Oktoba 1, 2023, siku moja kabla ya kutimiza umri wa miaka 84.