Ufanisi

Sherehe iliyopendeza tunasema imefana. Aliyefaulu tunasema amefanikiwa. Katika ukoo huohuo wa fana limo neno ufanisi, ambalo wahandisi wamelipa kazi ya kipimo: sehemu ya nishati iliyoingia inayotoka ikiwa na manufaa.

Mwanafunzi anayechunguza seli ya fueli hulihitaji neno hili kila siku. Seli hiyo, ambayo William Grove alionyesha msingi wake mwaka 1839, hukutanisha haidrojeni na oksijeni bila moto, ikatoa umeme, maji na joto. Kinadharia, katika nyuzi 25 za Selsiasi, asilimia 83 ya nishati ya haidrojeni yaweza kuwa umeme. Kwa vitendo, seli nyingi hupata kati ya 40 na 60. Pengo hilo ndilo uwanja wa utafiti. Oksijeni humenyuka polepole hata juu ya kichocheo cha platinamu, utando unaopitisha protoni huzipa ukinzani, na gesi huchelewa kufika inapohitajika. Kila kasoro hula volti zake.

Kwa hiyo tusiandike kwamba seli ina "nguvu zaidi" tunapomaanisha ufanisi zaidi. Nguvu ni kasi ya kutoa nishati. Seli ikikamuliwa nguvu nyingi, kwa kawaida ufanisi wake hushuka. Mwandishi wa habari za sayansi ayatenganishe maneno haya mawili, na ufanisi autaje pamoja na asilimia yake. Msomaji anastahili kujua ni kiasi gani cha nishati kimegeuka umeme, na kiasi gani kimepotea kuwa joto.