Mapigo 16 ya Makindu

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilileta kutoka Bara Hindi vibarua na mafundi wapatao 32,000. Wengi walirudi kwao mikataba ilipokwisha, 6,724 walibaki. Miongoni mwao walikuwemo Masingasinga wa Punjab, na baadhi yao walifanya kazi Makindu, kituo muhimu cha reli katika nyika ya Makueni. Hawakukuta nchi isiyo na ngoma: Wakamba wa huko walikuwa na kilumi, inayochezwa kuombea mvua na kutuliza pepo.

Mwaka 1926 Masingasinga walijenga gurudwara ya Makindu, nyumba yao ya ibada, na humo ibada ni kuimba. Mwasisi wa dini yao, Guru Nanak (1469–1539), alisafiri na Bhai Mardana, Mwislamu aliyempigia rababu, na sehemu kubwa ya kitabu chao kitakatifu imepangwa kwa kufuata raga, yaani mifumo ya sauti ya muziki wa Kihindi.

Kwa desturi waimbaji huwa watatu: wawili wenye harmonia, kinanda cha kupuliziwa hewa kwa mkono, wa tatu mpiga tabla. Tabla ni ngoma mbili, ya kulia ya mti, ya kushoto ya chuma au shaba, zote zimewambwa ngozi ya mbuzi yenye duara jeusi la unga na chembe za chuma. Kabla ya kuanza, mpigaji hugongagonga ukingo wa ile ya kulia kwa kinyundo hadi sauti ioane na harmonia.

Kisha ni hesabu. Mzunguko uitwao tintala una mapigo 16, mafungu manne ya manne manne. Anayehesabu hupiga kofi kwenye pigo la 1, la 5 na la 13. La 9 hulipungia mkono tu, na katika fungu hilo mvumo wa ngoma ya kushoto huzimwa. Hapo wote hujua nusu imepita, wajiandae kukutana kwenye pigo la kwanza. Nyimbo za kuitikiwa na umati hupenda mizunguko mifupi zaidi, keherva ya mapigo 8 au dadra ya 6.

Wafanyakazi wa reli walipopungua, gurudwara ilibaki na waumini wachache. Barabara kuu ya Nairobi–Mombasa ndiyo iliyoijaza tena: msafiri wa dini yoyote hula bure, na anayetaka hulala. Muziki nao haukuhitaji mji mkubwa. Watatu wanaojua hesabu, mbele ya wapita njia wanaoweza kuitikia, waliutosha. Ndiyo sababu Makindu bado ina tintala ingawa enzi ya reli yake imepita.