Kutoka Mkondo hadi Faili: Historia ya Kuingiza Nyimbo za CD katika Programu za Utayarishaji wa Muziki, 1982–2005

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa muziki anayechambua wimbo uliotolewa katika CD huanza kwa hatua inayoonekana ndogo mno kiasi cha kutostahili hata sentensi moja katika sura ya mbinu za utafiti. Huiweka CD katika kompyuta, huuingiza wimbo katika programu ya utayarishaji wa muziki, kisha huanza kupima mwendo, kimo cha sauti na urefu wa vipande. Makala hii inadai kwamba hatua hiyo inastahili kuhojiwa. CD ya muziki haikubuniwa ili isomwe kama faili. Faili inayoonekana ndani ya programu ni zao la usomaji, na usomaji huo umeundwa na maamuzi ya wahandisi, wafanyabiashara na mahakama katika kipindi cha miongo miwili hivi. Asiyeifahamu historia hiyo anaweza kuchukua kosa la kifaa akaliita sifa ya muziki.

2.0 CD kama Mkondo wa Kusikilizwa

Kampuni za Philips na Sony zilikubaliana juu ya viwango vya CD mwaka 1980, katika waraka unaojulikana kama Kitabu Chekundu. Mashine za kwanza za kuchezea CD ziliingia sokoni nchini Japani Oktoba 1982. Kwa mujibu wa viwango hivyo, kila chaneli kati ya chaneli mbili huwa na sampuli 44,100 kwa sekunde, na kila sampuli huwa na biti 16. Idadi hiyo ilirithiwa kutoka mashine za kurekodia video, ambazo zilitumiwa kuhifadhi sauti ya kidijitali kabla ya CD. Sampuli tatu ziliwekwa katika kila mstari wa picha, mistari 245 katika kila nusu-picha, na nusu-picha 60 kwa sekunde. Zao la hesabu hiyo ni 44,100.

Jambo la msingi zaidi ni namna data ilivyopangwa. Sekunde moja ya muziki ina sekta 75, na kila sekta hubeba baiti 2,352, zote zikiwa za sauti. CD ya data, yaani CD-ROM, iliyofuata baadaye katika muongo huohuo, ilitumia sekta za ukubwa uleule lakini ikatenga baiti 2,048 tu kwa ajili ya data ya mtumiaji. Baiti 304 zilizobaki zilitumika kuonyesha mwanzo wa sekta, anwani yake, na kusahihisha makosa. CD ya muziki ina usahihishaji wa makosa pia, ila haina tabaka hili la ziada. Taarifa za mahali ulipofika wimbo huwekwa katika mkondo mdogo wa pembeni, na kwa usahihi unaomtosha msikilizaji.

Tofauti hiyo ilikuwa na mantiki. Sikio halitambui kwa urahisi sampuli moja iliyokisiwa, ilhali baiti moja iliyokosewa inaweza kuizuia programu ya kompyuta isifanye kazi. Kwa hiyo mashine ya CD iliruhusiwa kukisia: pale mkwaruzo unapozidi uwezo wa usahihishaji, hujaza pengo kwa kukadiria thamani kutokana na sampuli za jirani, na muziki ukaendelea. Kwa msikilizaji huo ulikuwa wema. Kwa anayetaka nakala kamili, ni badiliko lililofanyika kimyakimya.

3.0 Njia ya Kebo

Katika miaka ya 1980 watayarishaji walihamisha sauti kutoka CD kwa njia ileile waliyotumia kwa santuri. Waliunganisha kebo kutoka mashine ya kuchezea hadi kwenye sampla, wakabonyeza kitufe cha kurekodi, na sauti iliyokuwa ya kidijitali ikageuzwa kuwa ya analogia, kisha ikarudishwa tena kuwa ya kidijitali. Sampla ya E-mu SP-1200, iliyotoka mwaka 1987 na kupendwa mno na watayarishaji wa hip-hop wa New York, ilirekodi kwa biti 12 na kuhifadhi takribani sekunde kumi tu za sauti. Ufupi huo ulikuwa sehemu ya sanaa yenyewe: mtayarishaji alilazimika kuchagua pigo moja au kipande kifupi cha ngoma.

Kompyuta za mwanzo zenye kiendeshi cha CD hazikuleta mabadiliko makubwa. Programu iliweza kukiamuru kiendeshi kianze kucheza wimbo fulani, lakini sauti ilipita katika waya mwembamba wa analogia hadi kwenye kadi ya sauti bila kugusa kumbukumbu ya kompyuta. Nafasi nayo ilikuwa kikwazo. Dakika moja ya sauti ya CD huhitaji baiti 10,584,000, na CD ya dakika 74 hukaribia baiti milioni 783. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kompyuta nyingi za nyumbani hazikuwa na diski kuu yenye uwezo huo. Digidesign ilipotoa Pro Tools mwaka 1991, mfumo huo ulikuwa na chaneli nne tu za sauti.

4.0 Uchopoaji wa Kidijitali

Mabadiliko yalikuja pale viendeshi vilipoanza kukubali amri ya kusoma sekta za muziki na kuzipeleka moja kwa moja kwenye kompyuta. Hapo ndipo athari ya muundo wa Kitabu Chekundu ilipodhihirika. Kwa kuwa sekta za muziki hazina anwani ndani yake, kiendeshi kilichosimama kusubiri diski kuu iandike kilishindwa kurudi mahali palepale. Kilirudia sampuli kadhaa au kuziruka, na matokeo yake yakawa mibofyo midogo ndani ya wimbo. Aidha, kila aina ya kiendeshi ilianza kusoma mapema au kwa kuchelewa kwa idadi fulani ya sampuli, hivyo viendeshi viwili vilitoa faili mbili tofauti kutoka CD ileile.

Suluhisho lilitoka kwa waandishi wa programu, na halikuhitaji kugusa CD zilizokwisha kuuzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 programu ya cdparanoia ya Christopher Montgomery, na ile ya Exact Audio Copy ya Andre Wiethoff iliyotoka mwaka 1998, zilitumia kanuni moja: kusoma vipande vinavyopishana, kulinganisha sehemu zinazofanana, na kurudia usomaji pale matokeo yanapotofautiana. Uaminifu wa nakala ukawa jambo la kuthibitishwa kwa kurudia, mithili ya mhakiki anayelinganisha miswada kadhaa ya utenzi mmoja.

Sambamba na hilo, programu za utayarishaji zilianza kuifanya kazi hiyo zenyewe. ACID ya Sonic Foundry, iliyotoka mwaka 1998, na baadaye Cubase, zilikuwa na amri ya kuchukua nyimbo kutoka CD na kuzipanga pamoja na sauti nyingine za mradi. Mifumo ya kompyuta, hata hivyo, ilitofautiana katika kuionyesha CD. Windows huorodhesha kila wimbo kama faili ya cda yenye baiti 44 pekee. Faili hiyo haina sauti yoyote, ina maelekezo tu ya mahali wimbo ulipo. Mac OS X huonyesha nyimbo kana kwamba ni faili za AIFF na hufanya uchopoaji nyuma ya pazia. Mtumiaji wa Windows aliyenakili faili ya cda na kuikuta haina muziki alikutana ana kwa ana na ukweli kwamba CD haina faili; wa Mac alisitiriwa ukweli huo.

5.0 Upinzani wa Wenye Haki

Urahisi huo uliwatia hofu wenye haki za kurekodi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1992 kuhusu kurekodi nyumbani ilivitaka vifaa vya kurekodia muziki kidijitali viwe na mfumo wa kuzuia nakala ya nakala. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, katika shauri la chama cha kampuni za kurekodi dhidi ya Diamond Multimedia, ilieleza kwamba kompyuta na diski zake kuu haziingii katika tafsiri ya vifaa hivyo, kwa kuwa lengo lake kuu si kurekodi muziki.

Kampuni zikageukia CD zenyewe. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliuza CD zilizovurugwa kwa makusudi ili kompyuta isizisome. Mwaka 2002 ilibainika kwamba baadhi yake ziliweza kusomwa baada ya kuufunika ukingo wa nje kwa kalamu ya wino mzito. Oktoba 2005 Mark Russinovich alifichua kwamba CD za Sony BMG zilijificha ndani ya Windows kwa programu iliyoingia bila ridhaa ya kweli ya mtumiaji, na kampuni ikaziondoa sokoni. Kinachofaa kuzingatiwa ni kwamba Sony ilikuwa miongoni mwa waasisi wa kiwango hicho. Uwazi uliokifanya kichezwe na mashine yoyote ndio uliokuja kuonekana kuwa udhaifu.

6.0 Athari kwa Utafiti wa Muziki

Historia hii inawagusa moja kwa moja watafiti wa muziki wa pwani ya Afrika Mashariki, kwa kuwa sehemu ya urithi huo husomwa leo kupitia CD. Mfano ni mfululizo wa Zanzibara uliotolewa na Buda Musique ya Ufaransa kuanzia mwaka 2005, ambao juzuu yake ya kwanza inahusu kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa. Tuchukulie kwamba mtafiti ameingiza wimbo wa CD katika mradi wenye sampuli 48,000 kwa sekunde bila kuubadilisha kiwango. Wimbo utakwenda kasi kwa takribani asilimia 8.8 na kupanda kwa karibu nusu toni moja na nusu. Wimbo wa dakika nne utaisha kabla ya dakika tatu na sekunde 41. Vipindi kati ya noti havibadiliki, maana vyote vimepanda kwa uwiano mmoja, kwa hiyo kosa halijitangazi. Lakini kauli yoyote kuhusu kimo ambacho udi au kanuni ilifungiwa, au kuhusu mwendo wa mapigo, itakuwa batili.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba uingizaji wa CD katika programu ulipitia kebo, kisha uchopoaji wenye makosa, kisha uthibitishaji kwa kurudia, huku ukipingwa na wenye haki. Katika kila hatua, kilichoingia kwenye programu kilitegemea aliyesoma na alivyosoma. Inapendekezwa kwamba tasnifu inayotegemea CD itaje toleo la CD, kiendeshi na programu iliyotumika, iwapo usomaji ulirudiwa na kulinganishwa, na kiwango cha sampuli cha mradi. Taarifa hizo hazizidi mistari mitatu, lakini bila hizo mtahini hana njia ya kujua kama kilichopimwa ni sauti ya mwimbaji au kasi ya mashine.